Kapu la Kumpelekea Mama

Jumamosi asubuhi, ukisimama mjini Nyeri mahali matatu za Wamagana, huko Tetu, zinapopakia, utaona kapu lile lile likipita mikononi mwa watu mbalimbali. Ndani mna sukari kilo mbili, unga wa mahindi, mkate mweupe, mchele, mafuta ya kupikia ya kuganda na majani chai. Ni shopingi ya mtu anayekwenda nyumbani kumwona mama yake. Kapu hilo hubebwa kwa upendo na hupokewa kwa baraka. Nami nimelibeba kwa miaka mingi.

Kisha mama alipimwa damu kliniki, akaambiwa sukari imeanza kupanda. Wiki hiyo nilitoa vitu vyote kapuni, nikavipanga mezani na kuvitazama kimoja kimoja. Sukari, wanga. Unga, wanga. Mkate, wanga. Mchele, wanga tena. Mafuta, mafuta. Protini ilikuwa ile kidogo tu iliyomo kwenye nafaka. Mwanamke aliyepita miaka sabini, ambaye bado hushuka bondeni na kupanda akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe, nilikuwa nikimpelekea kuni za kuwashia moto kila wiki, na hata ubao mmoja wa kukarabatia nyumba sikumpelekea.

Ndiyo maana naandika. Hakuna chakula kibaya katika kapu lile. Kosa ni kwamba wanga umetumwa peke yake, na mwili huushughulikia wanga uliokuja peke yake tofauti kabisa na ule uliokuja na wenzake. Ukiielewa safari ya chakula tumboni utajua cha kubadilisha bila kununua vyakula vya watalii.

Anza na jaribio dogo. Tafuna kipande cha mkate polepole, dakika nzima, bila kumeza. Kitaanza kuwa kitamu. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari ndogo iitwayo glukosi, na kimeng'enya kilichomo kwenye mate kimeanza kuukata mnyororo huo. Ukimeza, asidi ya tumboni hukisimamisha kimeng'enya hicho, na kazi hungoja mpaka chakula kifike kwenye utumbo mwembamba, bomba la mita 6 hivi lililojikunja. Hapo kongosho humwaga vimeng'enya vyake, mnyororo hukatwakatwa mpaka ibaki glukosi, nayo hupenya ukuta wa utumbo, ikaingia kwenye mshipa mkubwa wa damu unaoelekea moja kwa moja kwenye ini.

Kwa muda mrefu watu walibishana kama tumbo husaga chakula kama jiwe la kusagia au hukiyeyusha. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, kijana aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bahati mbaya ubavuni. Akapona, lakini tundu lililofika tumboni halikufunga. Daktari wake, William Beaumont, alifunga vipande vya chakula kwenye uzi, akavitumbukiza kwenye tundu hilo na kuvitoa baada ya saa kadhaa kuona vimefikia wapi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833, na kikaonyesha wazi kwamba maji ya tumbo yana nguvu ya kuyeyusha chakula hata nje ya mwili, ndani ya chupa. Mengi tunayoyajua leo juu ya tumbo yalianzia kwenye jeraha la kijana huyo, aliyeteseka kwa majaribio ambayo hayakuwa kwa manufaa yake.

Turudi kwenye glukosi. Ikishaingia katika damu, kongosho hutoa insulini, homoni inayozifungulia seli mlango wa kuipokea. Ubongo peke yake hutumia karibu gramu 120 za glukosi kwa siku. Ini huweka akiba yake, kama gramu 100, na misuli ya mtu mzima huweka gramu 400 hivi. Akiba ya ini ndiyo inayomwezesha mchuma chai wa Tetu kuamka kabla ya jua na kupanda shambani kabla hajatia kitu mdomoni. Lakini ghala hizo zina mwisho. Zikijaa, ini hugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta, na mafuta hayo hayana mwisho wa mahali pa kukaa: kiunoni, tumboni, na ndani ya ini lenyewe. Ini na misuli vikishasongwa na mafuta huacha kuitikia wito wa insulini, kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, na baada ya miaka huchoka. Hiyo ndiyo njia ambayo wengi wetu hufika kwenye kisukari cha ukubwani.

Lililo muhimu hapa ni kasi. Mkate mweupe na chai ya sukari huingia katika damu kama maji ya mvua yanavyoshuka barabara ya lami. Nduma, githeri au ngwaci, yaani viazi vitamu, iliyochemshwa huingia kama mvua inayonyesha msituni, kidogo kidogo, kwa sababu wanga wake umefungwa ndani ya nyuzinyuzi ambazo vimeng'enya lazima vizipenye kwanza. Nyuzinyuzi zenyewe hazisagiki. Hushuka hadi utumbo mpana, na huko bakteria wema huzichachua na kutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Jambo moja ambalo wengi hawalijui: nduma iliyopikwa jioni na kuliwa baridi asubuhi ni nafuu zaidi kwa sukari ya damu, maana sehemu ya wanga wake hukazana inapopoa na kukataa kukatwa haraka. Basi usimwonee huruma mzee anayekula nduma baridi. Mwonee huruma anayekula slaisi nne za mkate.

Watu wa Tetu waliacha lini nduma na maharagwe wakaenda kwenye mkate? Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, humu humu Tetu, mwaka 1940, ameliandika jibu katika kitabu chake Unbowed. Anasimulia kwamba miaka ya mwanzo ya 1970, katika shughuli za Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya, alimsikia mtafiti akieleza kuwa watoto wa eneo la kati la Kenya wanaugua magonjwa ya utapiamlo. Alishangaa, maana hapa ndipo penye rutuba. Alipochunguza aliona kwamba mashamba yalikuwa yamejazwa kahawa na chai, miti imekatwa, na kuni zimekuwa haba. Maharagwe na mahindi makavu huhitaji saa nyingi za moto. Mkate mweupe hauhitaji moto. Unga wa mahindi na mchele mweupe huiva upesi. Akina mama walichagua chakula kwa kupima kuni walizo nazo. Mwaka 1977 Maathai alianza kupanda miti, na vuguvugu la Green Belt likazaliwa. Ulimwengu unamkumbuka kwa misitu; mimi naona ni haki akumbukwe pia kwa kuwa aliangalia ndani ya sufuria.

Maathai, mshindi wa Nobel ya Amani, hakuwa mshindi pekee wa tuzo hiyo kuangalia sufuria ya Mkikuyu. Mwaka 1931, John Boyd Orr, Mskoti aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na kupewa Nobel mwaka 1949, alichapisha pamoja na daktari John Gilks ripoti iliyolinganisha Wakikuyu na Wamaasai. Waliandika kwamba mwanamume wa Kimaasai, anayekula maziwa, nyama na damu, alimzidi mwenzake Mkikuyu kwa wastani wa inchi 5 za kimo na kilo 10 hivi za uzito. Mimi sikubaliani na namna ulinganisho huo ulivyofanywa. Kimo hutoka kwa wazazi pia, na ukoloni ulikuwa umekwisha kuwanyang'anya Wakikuyu wengi sehemu ya ardhi na malisho yao. Hata hivyo ripoti ilikuwa na jambo moja la kushika: wanawake wa Kikuyu, waliokula mboga za majani kwa wingi kuliko waume zao, hawakuachwa mbali na wenzao wa Kimaasai kama wanaume walivyoachwa. Sufuria ni moja, lakini aliyeongeza majani alifaidika.

Sasa protini, ambayo ndiyo hasa niliyoinyima nyumba ya mama. Protini ni mbao na misumari: misuli, ngozi, damu, vimeng'enya vyenyewe, na kinga ya kupambana na homa ya mapafu wakati wa baridi ya Julai. Tumboni, asidi huifungua protini kama mtu anayefumua sweta, kimeng'enya kiitwacho pepsini huanza kuikata, na utumbo mwembamba humaliza kazi mpaka zibaki asidi amino. Mwili hutumia aina 20 za hizo kujijenga, na 9 kati yake hauwezi kuzitengeneza. Ni lazima ziliwe.

Hapo ndipo githeri inapostahili heshima kuliko inavyopewa mezani. Mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, na maharagwe yanayo tele. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha. Kila kimoja hujaza pengo la mwenzake, na ukila vyote viwili ndani ya siku moja unapata protini kamili, karibu na ile ya nyama, kwa bei ambayo kila mtu wa Wamagana anaiweza. Mtu anayechagua mahindi kwenye sahani na kuacha maharagwe amekula nusu ya chakula na kuacha ile nusu ya bei kubwa.

Tofauti na wanga na mafuta, protini haina ghala. Ukila kilo ya nyama choma Jumapili, mwili utachukua unachohitaji, kilichozidi kitachomwa kama kuni au kugeuzwa akiba ya mafuta, na takataka yake itageuzwa na ini kuwa urea na kutolewa na figo kwa mkojo. Jumatano hakuna kitakachobaki. Kwa hiyo yai moja kila siku lina maana kuliko mbuzi mzima wa Krismasi. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, na kwa wazee wataalamu wengi wa lishe hupendekeza gramu 1 hadi 1.2, kwa kuwa misuli ya mzee hunyauka upesi na huitikia chakula kwa uvivu. Mama wa kilo 60 basi anahitaji kama gramu 60 kwa siku. Yai lina 6. Glasi ya maziwa ina 8. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama 15. Fanya hesabu na utaona kwamba chai na mkate asubuhi, chai na mkate saa saba, na ugali kwa kabichi usiku havifiki popote karibu na hapo.

Ukitaka kujua hali ya misuli ya mzazi wako, muombe ainuke kitini bila kushika popote. Akishindwa, usiseme ni uzee tu. Angalia anakula nini.

Kuna jambo linaloniuma katika nyumba nyingi za milimani. Ng'ombe yupo zizini, kuku wako uani, lakini maziwa yote huondoka alfajiri kwenda kwa mnunuzi, na mayai hungojewa mpaka yafike trei moja yauzwe. Mwenye ng'ombe hunywa chai ya rangi. Naelewa hesabu ya karo na dawa. Lakini glasi moja ya kila mwenye nyumba itolewe kwanza, kabla mkebe haujafungwa. Wale ambao maziwa freshi huwafurisha tumbo, kwa sababu utumbo wa watu wazima wengi hupoteza kimeng'enya cha kukata sukari ya maziwa, wanywe maziwa lala. Bakteria huwa wamekwisha kuifanya sehemu ya kazi hiyo.

Maharagwe pia yana watu wanaoyakwepa kwa ajili ya gesi. Gesi hiyo hutokana na sukari fulani ambazo sisi hatuna kimeng'enya cha kuzikata, hivyo hufika utumbo mpana zikiwa nzima na bakteria huzifanyia karamu. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya, na gesi itapungua sana. Anza na vijiko vichache kwa siku ukiongeza polepole, tumbo hujifunza. Yachemke kwa nguvu, yaive kabisa, maana maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha. Na magadi, ambayo wengi hutupia ili yalainike haraka, huharibu vitamini B1. Kulowekwa hufanya kazi ile ile bila hasara hiyo. Kama kuni ndizo tatizo, chemsha maharagwe yaliyolowekwa kwa nusu saa ya moto mkali, kisha tia sufuria, ikiwa imefunikwa, ndani ya kapu lililojazwa blanketi kuukuu au mabaki ya pamba, ulifunike pande zote. Joto litaendelea kuyaivisha huku wewe uko shambani. Yasipoiva kabisa, yarudishe motoni dakika chache. Jikapu hili la kupikia bila moto limeenea Kenya kwa miaka mingi, na sijui chombo cha bei ndogo kinachoweza kurudisha njahi jikoni kwa urahisi kuliko hicho.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Mafuta na maji havichanganyiki, kwa hiyo ini hutengeneza nyongo inayoyavunja kuwa matone madogo madogo kama sabuni inavyofanya kwenye sahani chafu, ndipo kimeng'enya cha kongosho kiyakate. Kisha, jambo la ajabu, sehemu kubwa haiendi kwenye ini moja kwa moja kama sukari. Huingia kwenye mishipa ya limfu, hupanda kifuani, na kumwagika katika damu karibu na bega la kushoto. Safari hii huchukua saa nyingi, na mafuta hulichelewesha tumbo kujimwaga. Ndiyo maana mlo ulioongezwa mafuta kidogo hukushibisha muda mrefu. Pia vitamini A, D, E na K hazipenyi bila mafuta. Sukuma wiki iliyochemshwa kwa maji matupu huacha sehemu kubwa ya utajiri wake chooni. Kijiko kimoja cha mafuta, au nusu ya parachichi kando ya mboga, hutosha. Lakini gramu ya mafuta ina nguvu ya kalori 9 dhidi ya 4 za wanga au protini, na kijiko cha mezani kimoja kina kalori 120 hivi. Chapati na mandazi hunywa mafuta bila wewe kuona. Yale ya kuganda kwenye kopo hupandisha kolesteroli mbaya kuliko yale ya maji. Yakiisha, nunua ya maji.

Chai ni mada nyeti katika nchi yenye baridi, tena inayoilima. Sisemi iachwe. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke hadi gramu 25 hivi, ambazo ni vijiko 6 vya chai. Mzee anayekunywa vikombe vinne vya vijiko vitatu ametumia 12 kabla hajala chochote. Punguza kijiko nusu kila wiki mbili. Ulimi hautagombana nawe. Na chai isinywewe juu ya githeri au mboga, kwa sababu ukali wake hushika madini ya chuma na kuyazuia yasipenye. Ingoje saa moja.

Watoto wa kuachishwa ziwa nao wasisahauliwe. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele, waliokuwa wakilishwa uji wa mahindi mtupu baada ya mdogo wao kuzaliwa. Jina alilolichukua kwa watu wa huko, kwashiorkor, ndilo tunalotumia hadi leo. Uji wa mtoto utiwe maziwa, au njugu karanga zilizosagwa laini, au apewe maharagwe yaliyopondwa na yai pembeni. Uji unaoonekana mzito si lazima uwe na kitu ndani yake.

Nyumbani kwetu tumebadilisha mambo machache tu. Asubuhi mama hula nduma au ngwaci na yai, chai ina sukari kidogo. Mchana githeri yenye maharagwe nusu kwa nusu na mahindi, mboga ya terere au managu, na parachichi likiwapo. Usiku ugali wa ukubwa wa ngumi yake, ndengu au omena, ingawa samaki si chakula cha jadi kwetu milimani, na mboga ya majani inayojaza nusu ya sahani. Hula mboga na ndengu kwanza, ugali baadaye. Kisha hutembea hadi kwa jirani na kurudi, dakika kumi na tano, kwa sababu misuli inayofanya kazi hunyonya sukari kutoka kwenye damu hata insulini inapokuwa haba.

Mtu anayetumia dawa za kisukari asipunguze wanga kwa ghafla bila kuzungumza na daktari wake, kwani sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa figo naye asiongeze protini kabla ya kupewa kipimo chake.

Jumamosi ijayo, kabla hujapanda matatu ya Wamagana, pitia sokoni. Sukari iwe nusu kilo. Mkate uache. Chukua kilo mbili za njahi, kilo ya ndengu na trei moja ya mayai, umwambie muuzaji aifunge vizuri kwa kamba. Ukifika, mwambie mama mayai hayo si ya kuuza wala ya wageni, ni yake. Kisha kaa naye mezani ule alichopika, na uangalie sahani yake.